Zamu ya Kiti

4 Februari

Kibonge mdogo wangu,

Hujambo? Wifi hajambo? Watoto nao? Huku tupo, tunasukuma siku. Shemeji yako mgongo umemshika tena, lakini ukimwambia apumzike anakasirika kama umemtukana, kwa hiyo tumemwacha na viatu vyake vya kushona. Mpwa wako kafaulu mtihani wa udereva, safari ya tatu hii, na sasa anatuendesha sokoni roho zikiwa juu juu.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu imenishinda. Nikikupigia uko kikaoni, ukinipigia niko kwa wagonjwa, na tukibahatika kupatana tunaulizana kama huko kunanyesha. Bora niandike, utasoma ukipata nafasi.

Sasa neno lenyewe. Duka la ushonaji la Mama limeuzwa. Cherehani zote mbili zimekwenda, na ile meza yake ya kukatia. Kibao cha mlangoni mnunuzi alikitaka, nikamnyima. Pesa zimeingia kwenye akaunti yetu wawili. Unakumbuka alivyosema mwaka jana, mimi nimemshikia simu na wewe uko upande wa pili: hela ya duka isiliwe, itolewe kwa wenye shida, na sisi wawili tuamue wapi. Bila sahihi zote mbili benki haitoi kitu.

Mimi naona hakuna cha kuamua. Mwenye nyumba yetu hii ya wagonjwa anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, mwisho wa Agosti. Asipoipata anaigeuza bohari ya saruji, na ameshaleta watu wa kupima milango. Ni vitanda sita tu, Kibonge, lakini hakuna nyumba nyingine karibu inayopokea watu ambao hospitali imeshanyoosha mikono. Mama mwenyewe alilala hapa. Hela yake ije hapa.

Watu wa msibani bado wanakuulizia. Nawaambia una kazi nyingi, na wanaitikia.

Dada yako


27 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua imefika, imekunjika kidogo lakini inasomeka. Wifi yako hajambo, anakusalimu. Watoto wazima, yule mdogo kang'oka meno mawili ya mbele na anadai alipwe. Mwambie shemeji pole, na ainue meza yake ya kazi kidogo, nadhani ndiyo inayomkunja. Mimi nipo. Nalala, naamka, napanda ghorofa ya tisa, nashuka, narudi nyumbani.

Kuhusu hela ya Mama, naomba usinielewe vibaya. Kazi yangu ni kupokea mtaji wa watu. Akija mtu na mtaji wake simuulizi anampenda nani. Namuuliza anataka uzae nini, kisha natafuta mahali panapozaa zaidi. Kampuni ikiwa ya ndugu yako na ni mbovu, ni mbovu tu. Lakini watu hao hao, wenye akili zao, wakifika kwenye kutoa msaada wanaacha akili mlangoni na kumpa yule wa kwanza kuwaliza. Msaada nao ni mtaji, Dada. Tofauti ni kwamba faida anaipata mwingine, na mimi naona hiyo ni sababu ya kuwa makini zaidi.

Kipimo changu ni kimoja: hela ile ile, inanunua uhai kiasi gani? Mtoto mchanga akitibiwa kuhara akapona, ana maisha yote mbele yake. Sijasema nyumba yenu haifai. Nasema niiulize kama ningeuliza kampuni yoyote. Wagonjwa wenu wangapi wanarudi nyumbani? Wanakaa muda gani? Wafanyakazi mnao wangapi, na kila mmoja anafanya nini?

Sina haraka. Siku hizi sina haraka na kitu chochote, kwa kweli. Wifi yako anasema nimekuwa kama mguu uliokufa ganzi, upo lakini ukiguswa hausikii. Nadhani ni uchovu.

Mdogo wako


15 Machi

Bwana Mwekezaji,

Salamu zako zimefika zote. Shemeji yako kainua meza, mgongo umepungua, na hataki kukiri. Mwambie huyo mng'oa meno shangazi yake anamtumia busu, hela ni kwa baba yake.

Umeuliza wangapi wanarudi nyumbani. Hakuna. Ah, namdanganya nani, mmoja alirudi. Mzee mmoja fundi bomba, hospitali ilimpima vibaya, akaja kwetu kufa, akala, akanenepa, akaanza kuwatongoza wauguzi. Tulimfukuza kwa vigelegele. Huyo muandike faida.

Waliobaki wanafia hapa. Ndiyo kazi yetu. Tunawapa dawa ya maumivu kwa saa zake, tunawageuza wasiote vidonda, tunawaosha, tunabadilisha shuka hata mara tatu kwa siku kama mwili umegoma kujizuia. Tuko wauguzi watatu pamoja na mimi, mpishi, na dobi. Chumba cha mbele kina vitanda vinne, cha nyuma viwili, na dirisha la nyuma halifungi vizuri kwa hiyo huko tunalaza wale wanaosikia joto. Muda wao wa kukaa, zamani ilikuwa mwezi na zaidi. Siku hizi ni siku chache.

Halafu tuna zamu ya kiti. Kila kitanda kina kiti pembeni, na mgonjwa akikaribia mwisho, kiti chake hakiachwi kitupu. Anayemaliza kazi yake ndiye anakaa: mpishi akishaosha sufuria, dobi akishaanika, mimi nikishatoa dawa. Wakati mwingine nasinzia hapo hapo, mkono wa mtu ukiwa ndani ya wangu. Hatuna maneno mengi. Tunakaa tu.

Kuhusu hiyo ganzi yako, hata mimi ninayo. Tangu Novemba sijalia. Nafumba watu macho, nawafunga kidevu, natoka nje kunywa chai, na chai naiona tamu. Nilidhani mtu akifiwa na mama yake dunia inapasuka. Kumbe unauliza sukari iko wapi. Sijui kama ni ugonjwa au ndivyo ilivyo.

Hujaniuliza lolote kuhusu siku zile, na mimi sikulazimishi.

Dada yako


20 Aprili

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kimya, tulikuwa tunafunga hesabu za robo mwaka na ofisi nzima ilikuwa inalala na viatu. Wifi yako kahamishiwa shule ya karibu, sasa anarudi nyumbani mapema kuniona nikiwa sipo. Mng'oa meno anashukuru kwa busu, ila anasema hela ingefaa zaidi. Sijui kajifunza wapi.

Nimekaa na suala letu kama ninavyokaa na la mteja. Nimelinganisha sehemu tatu: kliniki ya watoto wachanga, mradi wa visima, na ninyi. Kliniki inaongoza kwa mbali. Ninyi mnakuja mwisho, na si kwa uvivu. Mnanunua siku ambazo hazipo dukani. Sijui namna laini ya kuliandika hilo.

Hata hivyo nimetafuta njia, kwa sababu ni wewe. Sehemu kubwa iende kliniki, kiasi kidogo kije kwenu kwa masharti. Kwanza, nimeona muda wa mgonjwa kukaa umeshuka kutoka mwezi hadi siku chache. Hiyo ni dalili nzuri, kitanda kimoja sasa kinahudumia watu wengi zaidi kwa gharama ile ile. Endeleeni hivyo. Pili ni dobi. Kwa maelezo yako mwenyewe, akishaanika amemaliza, na bado analipwa hadi jioni. Mashine ya kufulia inajilipa ndani ya mwaka, haiugui na haiombi ruhusa. Mkimwachisha na kuchukua mashine, naweza kutetea kodi ya nusu mwaka.

Najua mtu unamzoea. Mimi nimeshauri viwanda vifungwe, vya watu niliokaa nao meza moja nikala chakula chao. Unasaini, unakwenda kula chakula cha mchana, na jioni inafika kama kawaida.

Mdogo wako


2 Mei

Kibonge,

Huku hatujambo. Natumaini nanyi ni hivyo.

Muda umeshuka kwa sababu gari la wagonjwa limepanda bei, na watu wanangoja nyumbani mpaka hawawezi tena kungoja. Wanatufikia wakiwa wamebakiza pumzi chache. Wanakufa mapema, mdogo wangu. Hicho ndicho ulichotupongezea. Nilimsomea mpishi, akadhani nimesoma vibaya, akaninyang'anya karatasi akasoma mwenyewe kwa sauti hadi pale ulipoandika tuendelee hivyo. Akanirudishia, akaenda jikoni.

Mashine nakubali, ije hata kesho, mikono ya yule mtu imechubuka kwa sabuni. Yeye mwenyewe usimguse. Usiniulize kwa nini.

Nusu kodi mwenye nyumba haitaki, nimeshamuuliza.

Nilitaka nikukasirikie vizuri, kama zamani ulipovunja redio ukamsingizia paka. Hasira nimezitafuta sijaziona. Nimebaki nimeshika tama.

Dada yako


18 Juni

Dada,

Shikamoo. Wote wazima. Mng'oa meno kaota jino moja, limepinda.

Lile la muda nilikosea. Nilisoma tarakimu nikasahau kinachohesabiwa ni nini. Sina cha kujitetea, nisamehe, na mpishi anisamehe.

Lakini swali langu liko pale pale. Umenikatalia kuhusu dobi bila sababu, na mimi sisaini kitu bila sababu hata kwa mteja mkubwa. Nipe moja tu. Kiti kinafanya nini? Mgonjwa ameshakata kauli, macho kayafumba, hajui kama pembeni yuko mwanawe au dobi au hayupo mtu. Mtu awepo asiwepo, mwisho ni ule ule na saa ni ile ile. Nimeligeuza hilo kila upande. Naligeuza ofisini, naligeuza ndani ya gari nikiwa nimeegesha mlangoni pangu mwenyewe, mpaka wifi yako anatoka kunigongea kioo, ananiuliza unafanya nini humo, namwambia nafikiri kazi. Kila nikipiga hesabu jibu ni sifuri.

Kama unalo jibu jingine, niandikie, nitalisoma kwa haki. Kliniki wanataka kujua kabla ya mwisho wa Agosti. Kama huna hoja, tusaini kwao tumalize.

Mdogo wako


1 Julai

Kibonge,

Salamu kwa wifi na watoto. Shemeji yako mzima, mpwa wako kagonga geti la jirani lakini polepole. Kaa chini kwanza.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza kama muuguzi, nikaona upuuzi. Mara ya pili nikaisoma kama dada yako. Hupimi nyumba yangu wewe. Unapima safari ambayo hukuifunga. Unataka kiti kiwe sifuri, maana kikiwa na thamani hata ya sindano, basi Novemba Mama alikosa kitu, na wewe pia. Nilikupigia Jumatatu nikakwambia njoo. Ukasema kikao kinaisha Ijumaa, utaondoka Ijumaa hiyo hiyo. Mama akatutupa mkono Alhamisi, na safari yako ikaishia hapo. Tangu Februari unanizungusha na kliniki na visima, na mimi nakufuata nyuma kama sijui tunazungumza nini.

Nilikwambia usiniulize kuhusu dobi. Nilijiambia nakulinda. Labda nilikuwa najilinda mwenyewe. Basi sikia.

Mama hakukata kauli kama unavyodhani. Jumatano mchana aliamka, akawa anaongea, ila alikuwa amepotea. Mimi niliyemgeuza na kumwosha kila siku aliniita nesi. "Nesi, nisogezee mto." Iliniuma, sikufichi, iliniuma kuliko kifo chenyewe. Kiti kilikuwa zamu ya dobi, ametoka kuanika, vidole bado vimekunjamana kwa maji. Mama akamshika mkono, akamtazama sana, akasema, "Kibonge, umefika?"

Dobi akaniangalia. Sikumpa ishara yoyote, sikujua nimpe ipi. Akamgeukia Mama akasema, "Naam Mama, nimefika."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Muongo wewe. Tangu lini ukashiba?" Akacheka. Mara ya mwisho kumsikia anacheka sikumbuki ilikuwa lini kabla ya hapo.

Nikaitwa kitanda cha pili. Niliporudi jioni mlango ulikuwa umerudishwa, na ndani walikuwa bado wanaongea, sauti za chini chini. Sikuingia. Dobi alikaa na Mama mpaka asubuhi, shuka za watu zikalala kwenye maji. Na tangu hapo Mama hakukuulizia tena, Kibonge. Kabla ya hapo alikuwa anauliza kila mlango ukilia. Alikufa akijua umekuja.

Sikukwambia kwa sababu niliogopa utashukuru haraka haraka, useme basi, mambo yaliisha vizuri, ufunge faili. Na nilimwonea wivu dobi. Nisingependa ajue.

Sasa hesabu hiyo piga wewe, mimi siiwezi. Sisemi watoto wa kliniki si kitu. Ni watoto wa kweli, wana mama zao, na huenda una haki kabisa. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya benki. Sahihi yangu nimeshaweka, majina ya wa kulipwa nimeyaacha wazi. Jaza unapoona pana faida. Sitakuuliza.

Dada yako


9 Agosti

Dada,

Shikamoo. Wifi yako hajambo. Watoto hawajambo.

Karatasi nimeipeleka benki. Kodi ya mwaka imelipwa, mwenye nyumba atakuonyesha risiti, asipokuonyesha nijulishe. Mshahara wa dobi wa mwaka umo pia, wa siku nzima. Mashine nimenunua kwa hela yangu, italetwa na gari la mizigo, muwe na mtu wa kuifunga. Iliyobaki imekwenda kliniki. Bado naamini niliyokuandikia kuhusu wale watoto, na nisingeweza kujifanya siyaamini kwa sababu tu ya yaliyotupata sisi. Kiti sijaweza kukipima. Nimekilipia bila kujua kinazaa nini, jambo ambalo ningemfukuzia kazi kijana yeyote wa ofisini kwangu.

Uliogopa nitashukuru haraka. Sikushukuru. Sikulia pia. Nilisoma barua yako ofisini, nikaikunja, nikaingia kikaoni, nikakiongoza hadi mwisho, na hakuna aliyeona tofauti. Hata mimi sikuiona. Siku ya tatu wifi yako aliisoma, akalia yeye, na mimi nikamshika bega nikimwambia pole.

Nakuja mwezi ujao, wiki ya pili. Msihangaike kunipokea, nitafika mwenyewe.

Kabla sijafika nifanyie jambo moja, maana nikikutana naye uso kwa uso sitaweza. Kaa na dobi akiwa na nafasi, umuulize polepole. Walizungumza kuanzia mchana mpaka asubuhi, na muda wote huo yeye alikuwa mimi. Muulize, Dada. Nataka kujua nilimwambia nini Mama.

Kibonge